Mazoea yana taabu: funzo la maisha ya Alan Turing

Waliotutangulia walinena kwamba mazoea yana taabu. Usemi huo mfupi hunirudia kila nimkumbukapo mwanafunzi mmoja niliyemtuhumu kwa kosa ambalo chanzo chake kilikuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa msimamizi wa mitihani katika shule moja ya upili, na alama zote za wanafunzi zilihifadhiwa katika tarakilishi iliyokaa katika chumba cha walimu. Mwisho wa muhula mmoja tuligundua kwamba alama za wanafunzi kadhaa wa kidato cha tatu zilikuwa zimebadilishwa. Bila kusita nilimnyoshea kidole kijana mmoja aliyejulikana na shule nzima kwa ustadi wake wa kutumia mashine hizo. Kijana huyo alirudishwa nyumbani kwa majuma mawili. Baadaye ilibainika kwamba hakuwa na hatia yoyote. Neno la siri la kufungulia alama hizo nilikuwa nimeliandika kwa wino mwekundu ndani ya jalada la daftari langu, na daftari hilo nilizoea kumtuma mwanafunzi yeyote aliyekuwa karibu aniletee. Waliobadilisha alama hawakuhitaji ustadi wowote. Walihitaji kujua kusoma tu, na kusoma tulikuwa tumewafundisha sisi wenyewe.

Tangu wakati huo nimejishughulisha sana na habari za watu waliofanya kazi ya kulinda siri na kuzifichua. Miongoni mwao hakuna ambaye maisha yake yamenifunza mengi kuliko ya Mwingereza Alan Turing, aliyefariki mwaka wa 1954. Wanafunzi wetu wa somo la tarakilishi hutajiwa jina lake kwa haraka kama mmoja wa waasisi wa taaluma hiyo, kisha mwalimu akaendelea na mambo ya mtihani. Naomba leo, mpenzi msomaji, tutulie naye kidogo.

Alan Mathison Turing alizaliwa jijini London tarehe 23 Juni 1912. Babake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, kwa hivyo Alan na kakake John waliachwa Uingereza mikononi mwa walezi, huku wazazi wakija na kwenda. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa katika shule ya bweni ya Sherborne. Ilipowadia siku ya kufungua muhula, mwezi wa Mei 1926, wafanyakazi kote Uingereza walikuwa wamegoma na magari ya moshi hayakuwa yakisafiri. Kijana huyo alipanda baiskeli yake, akaendesha zaidi ya kilomita 90, akalala njiani katika nyumba ya wageni, na siku ya pili akawasili shuleni. Ningependa wanafunzi wanaochelewa kwa kukosa matatu waikumbuke safari hiyo.

Shuleni hakuwa kipenzi cha walimu wote. Hati yake ilikuwa mbaya, na baadhi yao walimlaumu kwa kuzama katika hisabati na sayansi na kuzipuuza lugha za kale. Rafiki yake mkubwa, Christopher Morcom, aliyeshirikiana naye katika mapenzi ya sayansi, alifariki mwezi wa Februari 1930 kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Msiba huo ulimchoma sana, naye akazidi kujitosa katika masomo. Mwaka wa 1931 aliingia chuo cha King's, Cambridge, na mwaka wa 1935, akiwa na umri wa miaka 22 tu, akateuliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho.

Mwaka uliofuata, yaani 1936, aliandika makala ya hisabati ambayo yamemweka katika historia. Humo aliwaza mashine ya kufikirika inayosoma na kuandika alama moja moja juu ya utepe mrefu, ikifuata maagizo iliyopewa. Kisha akaonyesha kwamba inawezekana kuwa na mashine moja ambayo, ikipewa maagizo yafaayo, itafanya kazi ya mashine nyingine zote za aina hiyo. Simu iliyomo mfukoni mwako, ambayo asubuhi ni saa ya kukuamsha, adhuhuri ni benki na jioni ni gazeti, ni mtoto wa wazo hilo.

Baada ya miaka miwili ya masomo huko Princeton, Marekani, Turing alirejea kwao mwaka wa 1938. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, aliripoti tarehe 4 Septemba 1939 katika jumba la Bletchley Park, kaskazini mwa London. Huko ndiko Waingereza walikokusanya wanahisabati, wajuzi wa lugha na mabingwa wa mchezo wa sataranji wavunje mafumbo ya adui.

Fumbo kubwa lilikuwa mashine ya Wajerumani iitwayo Enigma. Ilifanana na taipureta. Mtumaji alipobonyeza herufi, umeme ulipita katika magurudumu kadhaa na taa ya herufi nyingine ikawaka. Kila alipobonyeza, gurudumu lilisogea, hata herufi ile ile ikazaa nyingine tofauti. Aliyekuwa na mashine iliyopangwa vivyo hivyo aliweza kuurudisha ujumbe katika hali yake ya asili. Njia za kuipanga mashine hiyo zilipita milioni mara milioni mara milioni, tena mara 158, na mpangilio ulibadilishwa kila siku. Wajerumani waliamini kwamba hakuna binadamu angeweza kuzijaribu zote. Katika hilo hawakukosea.

Walichokosea ni kudhani kwamba adui angelazimika kuzijaribu zote. Wanahisabati watatu wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, walikuwa tayari wameivunja Enigma tangu Desemba 1932, na mwezi wa Julai 1939 nchi yao iliwapa Waingereza na Wafaransa ujuzi huo. Turing alijenga juu ya msingi wao. Alibuni mashine kubwa yenye uzito wa karibu tani moja, iliyoitwa bombe, na ya kwanza ikaanza kazi mwezi wa Machi 1940. Mwenzake Gordon Welchman aliiongezea nguvu, na kufikia mwisho wa vita zaidi ya 200 zilikuwa zimeundwa.

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Mashine ya Turing haikuweza kuanza kazi mpaka ipewe maneno machache yanayokisiwa kuwamo katika ujumbe uliofichwa. Ikishapewa, ilitupilia mbali mipangilio yote isiyolingana na makisio hayo. Je, makisio yenyewe yalitoka wapi? Yalitoka katika mazoea ya watumiaji. Vituo vya hali ya hewa vilituma taarifa saa ile ile kila asubuhi, kwa muundo ule ule. Kikosi kisicho na habari kilituma maneno yale yale kila siku kusema kwamba hakina habari. Vyeo virefu vya makamanda viliandikwa kikamilifu bila kupunguzwa hata herufi moja.

Isitoshe, mtumaji alitakiwa kuchagua herufi chache za kuanzia kila ujumbe, bila utaratibu wowote unaoweza kukisiwa. Wengi walichagua herufi zilizopangana kwenye vibonyezo, au jina la mchumba. Mwanahisabati kijana John Herivel, mnamo Februari 1940, alijiweka katika nafasi ya mtumaji aliyechoka asubuhi na mapema, akatambua kwamba mtu huyo atayaacha magurudumu karibu na pale alipoyapanga wakati wa kuiandaa mashine. Mwezi wa Mei wazo hilo likazaa matunda. Msichana mmoja, Mavis Lever, alitazama ujumbe wa Waitaliano uliotumwa kwa Enigma akaona kwamba haukuwa na herufi L hata moja. Alijua kwamba mashine hiyo haiwezi kamwe kuigeuza herufi ikawa ile ile. Akang'amua kwamba mtumaji, aliyeagizwa kutuma ujumbe wa kupoteza maboya, alikuwa amebonyeza L tangu mwanzo hadi mwisho.

Mambo hayo hayakuwa ya Ulaya peke yake. Mwaka wa 1942, baada ya Wajapani kushambulia kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka, wavunja mafumbo wa Kiingereza waliokuwa huko walihamishiwa kwetu Mombasa. Kituo chao, kilichojulikana kwa jina la Kilindini, kilikuwa tawi la kazi ile ile ya Bletchley, na kiliwekwa katika Shule ya Allidina Visram. Humo mwaka huo huo waliuvunja msimbo uliotumiwa na meli za uchukuzi za Japani. Mtumaji mmoja wa Kijapani alisahau kutaja mahali meli ilipokuwa. Badala ya kutuma nyongeza fupi, aliandika upya ujumbe mzima akiongeza mahali hapo, na akaufumba kwa ufunguo ule ule. Tofauti ya jumbe hizo mbili ikawafungulia mlango waliokuwa wakisikiliza. Wanafunzi wa Mombasa wapitao kando ya kuta hizo wajue kwamba humo kosa la uvivu wa dakika chache liligharimu meli nyingi.

Turing aliongoza kitengo kilichoshughulikia mafumbo ya jeshi la majini, ambalo lilikuwa na nidhamu kuliko majeshi mengine ya Ujerumani. Manowari za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizobeba chakula na silaha kuelekea Uingereza. Mnamo Februari 1942 manowari za Atlantiki ziliongezewa gurudumu la nne katika mashine zao, na kwa takriban miezi kumi Bletchley ikawa gizani. Tarehe 30 Oktoba mwaka huo, karibu na Port Said nchini Misri, mabaharia wa Uingereza waliingia katika manowari U-559 iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri. Wawili wao, Anthony Fasson na Colin Grazier, walizama nayo. Vitabu hivyo vilionyesha kwamba manowari zilipotuma habari za hali ya hewa, gurudumu la nne liliwekwa mahali ambapo halikufanya kazi, ili ujumbe uafikiane na mashine za zamani. Mwezi wa Desemba wenzake Turing, yeye akiwa safarini Marekani, walipita katika ufa huo. Kufuli mpya ilikuwa imefungwa juu ya mlango wa zamani ulioachwa wazi.

Wajerumani nao walishuku. Admirali Karl Dönitz aliamuru uchunguzi zaidi ya mara moja, na kila mara wataalamu wake walimhakikishia kwamba Enigma ni salama. Kwa hiyo lawama ziliwaendea majasusi na vyombo vya adui vya kutambua manowari baharini. Kila nisomapo habari hiyo namkumbuka kijana wangu wa kidato cha tatu. Mimi pia nilitafuta msaliti kabla ya kutazama daftari langu.

Hata hivyo, si haki kuwacheka wale watumaji. Walikuwa vijana walionyimwa usingizi, wengine katika baridi kali, wengine chini ya mabomu, wakidaiwa kutuma jumbe chungu nzima na kubuni herufi zisizo na mpangilio kila mara. Akili ya binadamu haiwezi kazi hiyo siku nenda siku rudi. Waliounda utaratibu huo walifikiria mashine wakamsahau mtu.

Turing mwenyewe hakuepuka udhaifu huo. Mwaka wa 1940, akihofia kwamba Ujerumani ingeivamia Uingereza na benki zisifae kitu, alinunua vipande vya fedha, yale madini meupe ya thamani, akavifukia mahali pawili karibu na Bletchley na kuandika maelezo ya kumrudisha hapo. Vita vilipokwisha alirudi kuvitafuta zaidi ya mara moja, hata akaunda chombo cha kutambua madini ardhini. Alama za mahali zilikuwa zimebadilika. Hakuvipata kamwe. Nani basi kati yetu atamcheka mwalimu anayesahau nywila yake baada ya likizo?

Baada ya safari ya Marekani, Turing aliunda chombo cha kuficha sauti katika simu, akakiita Delila, kwa jina la yule mwanamke wa Biblia aliyemhadaa Samsoni. Jina hilo lina mafunzo. Delila hakuvunja kitu. Alimuuliza Samsoni siri yake mara kwa mara, hata mwenyewe akachoka akaitoa. Matapeli wanaotupigia simu leo wakijidai kuwa wahudumu, wakitaka tuwatajie namba ya siri ya M-Pesa, ni wanafunzi watiifu wa Delila.

Amani iliporejea, Turing alichora ramani ya tarakilishi halisi katika Maabara ya Taifa ya Fizikia, na mwaka wa 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester. Alikuwa pia mwanariadha, jambo litakalowapendeza Wakenya. Mwaka wa 1947 alikimbia marathoni kwa muda wa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Mwaka wa 1950 aliandika makala akihoji kama mashine zaweza kufikiri, swali ambalo mpaka leo linawatoa watu jasho.

Kisha yakaja ya huzuni. Mwezi wa Januari 1952 wezi walivunja nyumba yake, naye akaripoti kwa polisi kama raia yeyote. Alipohojiwa alikiri bila kuficha kwamba alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume aliyemjua mwizi. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati huo, iliyotungwa mwaka wa 1885, uhusiano huo ulikuwa jinai. Akahukumiwa mwezi wa Machi, na ili asifungwe jela akakubali kudungwa homoni kwa mwaka mmoja. Fauka ya hayo, alizuiliwa kushiriki tena katika kazi za siri za serikali. Mtu aliyetunza siri kubwa ya taifa lake katika vita, na ambaye majirani hawakujua hata chembe ya alichokifanya, alihesabiwa kuwa hatari kwa usalama. Tarehe 7 Juni 1954 alifariki kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi wa kifo ulisema kwamba alijiua. Mamake aliamini kwamba ilikuwa ajali.

Ilichukua muda mrefu serikali kulitazama daftari lake yenyewe. Mnamo Septemba 2009 Waziri Mkuu Gordon Brown aliomba radhi kwa niaba ya serikali, Desemba 2013 Malkia Elizabeth wa Pili akatoa msamaha, na mwaka wa 2021 sura ya Turing ikawekwa katika noti ya pauni 50. Heshima hizo zote zilimkuta kaburini.

Sasa nigeukie shule zetu. Tumezungukwa na programu zinazotutaka tuwe na nywila kumi, kila moja na herufi kubwa, tarakimu na alama. Baadhi hutulazimisha kuzibadilisha kila baada ya miezi michache, hututoa nje tukikawia kidogo, na hutuonya kwa maneno ambayo hata aliyeyaandika hayaelewi. Mwalimu mwenye mitihani mia mbili ya kusahihisha atafanya nini? Ataandika nywila kwenye karatasi na kuibandika ukutani, au atatumia jina la mtoto wake na mwaka wa kuzaliwa. Mwaka wa 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri kwamba watu wasilazimishwe kubadilisha maneno ya siri mara kwa mara pasipo dalili ya kuvuja. Sababu ni ile ile ya mtumaji wa Enigma. Anayesumbuliwa sana hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato hujulikana na wengi.

Kwa hivyo rai yangu ina pande mbili. Walimu wenzangu na wanafunzi, tuache uzembe ulio katika uwezo wetu. Tusitumie neno moja kwa kila mlango, tusimpe mwingine hata akiwa rafiki, na tuchague maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo kichwa kitayakumbuka na jirani hatayakisia. Nao wakuu wa shule na waundaji wa programu wakumbuke kwamba kanuni isiyoweza kufuatwa na mtu aliyechoka ni kanuni ambayo tayari imevunjwa. Kabla ya kumkaripia mtumiaji, waketi mahali pake japo siku moja, kama alivyofanya Herivel katika mawazo yake.

Juu ya yote, siri inapovuja, tuanze kwa kujitazama. Mimi nilimwomba radhi kijana yule mbele ya darasa lake, na baadhi ya walimu wenzangu hawakupendezwa, wakidai kwamba mwalimu akiomba radhi hushuka hadhi. Sikubaliani nao. Majuma mawili aliyoyapoteza sikuweza kumrudishia, lakini angalau hakulazimika kungoja miaka 57.